Starlet KP61 iliyokuwa banda la kuku Nyakato: historia yake, matundu yake na safari ya kuifufua (uzi mrefu)

MLETA UZI

Wakuu, habari za majukumu. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, mwenye kikombe cha chai avute kigoda.

Kuna gereji moja Nyakato, hapa Mwanza, ambayo nimepita nyuma yake zaidi ya miaka kumi. Kwenye kona, chini ya mwembe, kulikuwa na kigari kimefunikwa turubai la bluu. Turubai lilichakaa mpaka likabaki nyuzi, ndipo nikaiona sura yake: taa za mraba, grili imeng'oka, boneti imebonyea upande mmoja. Ndani kuku alikuwa anataga pale ilipokuwa siti ya abiria. Kila nikimuuliza mwenye gereji jibu ni lile lile: "Hiyo ni ya mzee, haiuzwi." Mzee mwenyewe alishatangulia mbele za haki, na watoto hawaishi Mwanza.

Mwaka juzi, Jumamosi moja mchana, tandiboi wa pale akanipigia simu: "Kaka, wanunuzi wa skrepa wamekuja na mizani." Niliacha sato kwenye sahani. Nilipofika walikuwa wameshafungua bawaba za mlango wa kushoto. Tukapandishana sauti, tukashushana, mtoto wa marehemu akapigiwa simu, naye akasema afadhali liende kwa mtu kuliko kwenye tanuri. Likapanda Canter, likashuka nyumbani kwangu Buhongwa kwa bei ya bodaboda iliyokwisha kutembea. Mke wangu alilizunguka mara moja akauliza, "Na hili nalo litakuwa linakula?"

Linakula wakuu. Linakula kuliko watoto.

Sasa ni gari gani? Toyota Starlet KP61, milango mitatu ukihesabu ule wa nyuma unaofunguka pamoja na kioo chake. Vijana mnaoijua Starlet mnaijua ile EP82 ya miaka ya 90, inayovuta kwa matairi ya mbele. Hii ni ya nyuma zaidi. Kizazi hiki kilitoka Japani mwaka 1978 na kikapisha kingine mwaka 1984. Injini imelala kwa urefu, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) inapita katikati ya sakafu, difu iko nyuma. Ndiyo Starlet ya mwisho kusukumwa na matairi ya nyuma. Baadaye, mwaka 1999, Starlet ikapisha Vitz, ambayo Ulaya inaitwa Yaris. Kwa hiyo wewe unayekwenda kazini na Vitz yako umepanda mjukuu wa hiki kigari, na salamu zake nitazifikisha.

Herufi zenyewe zinasoma hivi. K ni familia ya injini. P imetoka kwa Publica, gari ambalo Starlet ya kwanza ilizaliwa ndani yake mwaka 1973 ikiitwa Publica Starlet. KP60 ilikuwa na injini ya 2K, sentimita za ujazo 993. KP62 ilibeba 3K ya 1,166. KP61, hii yangu, ina 4K ya 1,290. Kwenye makaratasi ni nguvu za farasi 60 na ushee, ambazo leo zinaonekana kichekesho. Ila gari lenyewe lina kilo 700 na kidogo, na kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni milimita 2,300 tu. Gari jepesi, fupi, linalosukumwa kutoka nyuma, tena nyuma kwenyewe kuna springi za mviringo badala ya zile za mapande. Watu wa mashindano walipoliona walijilamba. Ireland na New Zealand mpaka leo KP zinakimbizwa kwenye vumbi na tope, na bei zake huko zingemfanya yule mnunuzi wa skrepa alie.

Mtaani kila mtu ana kauli moja juu ya gari hili: "Hilo lilikimbia Safari," yaani mashindano ya magari ya Safari Rally. Nitawaambia nilichokikuta. Nakuja.

MDAU WA IGOMA

Siti ya mbele kabisa. Nimekuja na karanga.

FUNDI WA MABATINI

Mkuu hongera, ila ushauri wa bure: toa hiyo 4K, tupia 1NZ, injini ya Toyota IST. Vipuri vipo kila kona, mafuta haili, utakuja kunishukuru. Kabureta ni ugonjwa.

MDAU WA DAR

Uzi bila picha tunauchukulia kama hadithi ya sungura na fisi.

MLETA UZI

Picha zitakuja, bando la huku linapanda kilima kwa miguu. Fundi wa Mabatini, suala la injini tutalifikia na tutagombana vizuri.

Turudi kwenye "lilikimbia Safari". Hapa kwetu gari lolote la zamani lenye tobo kwenye bampa lilikimbia Safari. Hata Datsun ya babu yangu, iliyokuwa ikibebea maziwa Kisesa, kuna mjomba anaapa ilikimbia Safari.

Kwa wasioijua: mashindano yale yalianza mwaka 1953, tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari Rally, na mwaka 1974 jina likafupishwa kuwa Safari Rally. Ugumu wake haukuwa wa kutungwa: mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba. Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff ndiyo iliyoshinda, na mwaka 1968 watu wale wale wakarudia kwa 404, mwaka ambao pia yalimaliza saba tu. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano: 1973, halafu minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun.

Mtaona kwenye orodha hiyo magari madogo ya mlango wa nyuma hayapo. Safari ilikuwa ya magari marefu yenye mgongo. Peugeot 205 Turbo 16 ilichukua ubingwa wa dunia miaka ya 1985 na 1986, lakini Safari haikuipata hata mara moja. Miaka yote miwili ilikwenda kwa Toyota Celica. Lancia Delta ndiyo iliyokuja kuvunja mwiko, 1988, 1989 na 1991. Halafu kuna mwaka 1993 ambao mimi naupenda: Celica zilishika nafasi nne za kwanza, lakini huko nyuma Patrick Njiru wa Kenya alikuwa anakuja na Subaru Vivio, kigari cha injini isiyofika sentimita za ujazo 700, akamaliza wa 12. Colin McRae alikuwa na Vivio kama ile ile, yeye hakufika. Mwaka 2022, miaka 29 baadaye, Toyota ikashika tena nafasi nne za kwanza, safari hii kwa Yaris. Mjukuu huyo.

Haya. Je, hii yangu ilikuwepo kwenye Safari yoyote?

Wiki ya kwanza sikugusa spana. Nililiosha tu, nikalala chini yake na tochi, nikawa nasoma matundu. Gari la mashindano likivuliwa vifaa vyake haliwi gari la kawaida tena, linabaki na makovu, na makovu hayadanganyi kama wajomba.

Kovu la kwanza: kwenye sakafu kuna vibao vinne vya chuma vimechomelewa, kila kimoja na matundu matatu ya bolti. Hapo ndipo miguu ya kizimba cha mabomba ilisimama, kile kinachomlinda dereva gari likibiringika. La pili: mrija wa mafuta na wa breki haupiti chini ya gari, unapita ndani, kando ya propela, ili mawe yasiupate. Mtu wa kawaida hafanyi hivyo, kwanza harufu yenyewe utaihisi. La tatu: chini ya pua kuna masikio ya kufungia sahani nene ya kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini), na sikio moja limepinda kuelekea nyuma kama limepigwa na kiboko. La nne: waya wa spidi unapotoka kwenye giaboksi una kiungo cha njia panda, tawi moja linakwenda kwa dereva na jingine upande wa kushoto. Lile la kushoto lilikuwa la mita ya pili, ya msoma ramani, ya kuhesabia umbali. La tano: minara ya shokapu za nyuma imeongezewa bati, na aliyechomelea, Mungu amsamehe, alikuwa anajifunza.

Halafu kuna kitu ambacho sikukielewa. Upande wa msoma ramani, sakafuni, pale mguu wa kushoto unapokaa, kuna kitako kidogo cha chuma na nyaya mbili zimekatwa. Nikadhani taa. Nikadhani pampu ya maji ya kioo. Fundi wangu akasema ni sehemu ya kuwekea chupa ya soda.

Mwenye kujua aseme.

MSOMA RAMANI MSTAAFU

Mwanangu, huo si mfuko wa soda. Hiyo ni honi.

Mimi nimeletewa uzi huu na mjukuu wangu, nimesoma kwa miwani miwili. Nilikaa siti ya kushoto ya magari ya namna hiyo miaka ya themanini mwanzoni, hapo Mwanza na Shinyanga. Dereva mikono yote miwili iko kwenye usukani na giaboksi, hana mkono wa honi. Msoma ramani mikono yake ina karatasi, saa na penseli. Kilichobaki bure ni mguu. Ng'ombe akitokea, unakanyaga. Kwa Wasukuma, mwanangu, ng'ombe hatokei mmoja.

Gari lenyewe lilikuwa rangi gani chini ya hiyo nyeupe?

MLETA UZI

Shikamoo mzee. Nimesoma maneno yako nikatoka nje usiku na tochi kwenda kukanyaga kile kitako. Mguu unaangukia pale pale.

Rangi: juu nyeupe ya brashi (ndiyo, brashi ya ukutani). Chini yake bluu. Chini ya bluu kuna manjano, ambayo kwenye nguzo ya mlango bado inang'aa. Na kwenye mlango wa kulia, fundi rangi alipopita na msasa wa maji taratibu, ukatokea mviringo mweupe na ndani yake namba: nne iko kamili, pembeni yake kuna nusu ya tarakimu nyingine. Nikamshika mkono asiendelee.

MSOMA RAMANI MSTAAFU

Marahaba. Kama ni manjano, basi nalijua, ingawa sikulikalia mimi, alikaa rafiki yangu. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa hapo mjini, mwenye asili ya Kiasia, mtu wa pamba na vipuri. Jina nitalihifadhi kwa sababu ya familia.

Halikukimbia Safari. Nairobi lilifika, lakini lilifuata pete za pistoni.

Vijana hamuijui hali ya wakati ule. Vita vya Kagera vimekwisha mwaka 1979, nchi haina fedha za kigeni, petroli ni ya mgao, na Jumapili kuanzia saa nane mchana magari binafsi hayaruhusiwi barabarani. Gari jipya kuliingiza ilikuwa kibali juu ya kibali. Sasa katika hali hiyo, watu kumi na tano wanakusanyika kukimbiza magari! Walituona wendawazimu. Petroli tuliichanga kwa wiki kadhaa kwenye madebe. Tulianza Jumamosi alfajiri, tukaelekea Magu, tukaingia ndani kwenye mbuga nyeusi, ule udongo mweusi unaonata, tukarudi kabla ya ile saa nane ya Jumapili, la sivyo unalala na gari lako porini mpaka Jumatatu.

Ile mbuga ikiwa kavu ni kama saruji. Ikinyeshewa saa moja tu, tairi linavaa udongo mpaka halizunguki. Magari mazito yalizama. Kigari hicho cha manjano kilikuwa kinabebwa. Nasema kinabebwa: watu wanne, kila mmoja na kona yake, moja mbili tatu, kimetoka. Ndiyo siri ya ushindi wake. Injini haikuwa na maajabu.

Hilo sikio lililopinda ulilolisema, ni jiwe la njia ya kwenda Kwimba. Nilikuwa gari la nyuma yao. Tulisikia mlio kuliko tulivyoona.

MDAU WA DAR

Mzee, endelea tafadhali. Hadithi ya sungura nimeifuta.

MLETA UZI

Mzee wabeja (asante) sana. Ukweli ni kwamba niliposoma "halikukimbia Safari" nilinyong'onyea kama nusu saa hivi. Halafu nikawaza: magari ya Safari yana vitabu, picha na orodha za washindi. Hili la madebe ya petroli na mbuga ya Magu lina mwembe wa Nyakato na kumbukumbu za mzee mmoja. Nikiongopa kwamba lilikuwa la Nairobi nitakuwa nimefuta historia pekee iliyopo. Ndiyo maana wakuu kizimba, honi ya mguu na mirija ya ndani vinarudi, na sikio lililopinda linabaki limepinda. Fundi wangu bado ananiona nimelogwa.

Sasa kazi yenyewe.

KUTU. Hapa sisi wa ziwani tuna bahati ambayo hatuisemi. Ziwa Victoria ni maji baridi. Gari likikaa Tanga au Dar miaka 20, chumvi inalikula toka ndani mpaka unafungua mlango unabaki na kitasa. Hili la Nyakato bati lake la juu lilikuwa zima kabisa. Kilicholimaliza ni mvua iliyoingia kupitia raba ya kioo cha mbele ikakaa sakafuni, asidi ya betri kwenye sinia lake, na kuku. Msicheke. Kinyesi cha kuku kikilowana kinatafuna chuma vibaya, na yule kuku alikuwa na miaka ya kutaga nisiyoijua idadi. Sakafu ya abiria ilikuwa nyavu ya dagaa.

Fundi bodi wa kwanza alitaka kupaka puti juu ya wavu. Tukaachana kwa amani. Wa pili, mzee wa makamo wa Pasiansi, alikata mpaka akafika kwenye chuma kinacholia akikigonga, akakata bati la milimita moja, akalikunja kwa nyundo na kipande cha reli. Kuchomelea alikuwa anapiga nukta moja huku, anahamia kule, anarudi kati, hapitishi mstari mmoja mrefu. Nilidhani anacheza. Kumbe bati jembamba ukilipitisha moto kwa mfululizo linajikunja kama chapati. Siku nne kwa sakafu moja, na leo ukipita mkono chini hujui kiraka kiko wapi.

RANGI. Hili kosa ni langu. Nilipiga rangi Novemba, vuli imeshika, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kulionyesha Krismasi. Hewa ina unyevu, kompresa inatema maji pamoja na upepo, na mimi sikufunga chujio la maji kwenye mpira. Wiki tatu baadaye boneti ilikuwa na malengelenge kama mtu aliyeungua uji. Nikakwangua yote, nikasubiri Julai. Manjano ya sasa imechanganywa kwa kufuata ile ya kwenye nguzo ya mlango. Mlango wa kulia haukuguswa: mviringo uko pale, nne iko pale, na ile nusu ya tarakimu iko pale. Mzee, unaikumbuka ilikuwa ngapi?

MSOMA RAMANI MSTAAFU

Sikumbuki, na sitakutungia.

FUNDI WA MABATINI

Mimi bado nasubiri injini.

MLETA UZI

Haya fundi, tugombane.

4K ilikuwa imekwama kabisa, krenki haizunguki hata kwa bomba la mita moja na nusu. Nikatoa plagi, nikamwaga dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi otomatiki kwenye kila silinda, nikaiacha. Kila jioni nikitoka kazini naijaribu kidogo. Siku ya 19 ikasogea upana wa kidole. Nilipiga kelele jirani akadhani kuna nyoka.

Ndani: silinda ya tatu ilikuwa na mstari wa kutu ulioshuka mpaka chini. Kipimo cha kiwandani ni milimita 75, ikabidi ikatwe iende saizi ya nusu milimita zaidi. Kuna karakana moja ya mashine (haitatajwa) nikaipelekea bloku, wakaikata kabla pistoni hazijafika. Pistoni zilipofika zikawa zinacheza kwenye silinda mbili kama mchi kwenye kinu. Ikabidi irudiwe, kwa karakana nyingine, saizi ya milimita 0.75 zaidi. Wakuu mnaojenga injini: pistoni kwanza mkononi, fundi aipime kwa maikromita, ndipo akate. Usikubali kuambiwa "saizi tunaijua".

Hedi ya injini za K ni ya aluminiamu juu ya bloku la chuma. Ikichemka mara moja inapinda. Yangu ilikuwa imepinda, ikasawazishwa, valvu zikakatiwa viti upya. Valvu za K nilizipanga kwa kipimo cha injini ikiwa moto: milimita 0.20 za kuingiza, 0.30 za kutoa.

Sasa kishawishi. Katikati ya vurugu za silinda, dalali mmoja wa chuma chakavu akaniambia ana injini "kama hiyo" kutoka kwenye forklifti iliyokufa. Nikaenda kuiona: 5K. Wasiojua, 5K ni ndugu wa 4K tumbo moja. Mwendo wa pistoni ni ule ule milimita 73, ila silinda imepanuliwa kutoka 75 hadi 80.5, ndipo ujazo unafika 1,486. Zilifungwa kwenye vigari vya LiteAce na kwenye forklifti ndogo za Toyota. Inaingia pale pale bila kukata kitu. Kamshafti yake (shafti inayofungua valvu) imetengenezwa kwa kunyanyua mizigo polepole, lakini ukihamisha kamshafti na hedi ya 4K unapata kigari chenye hasira. Dalali alitaka bei ya mbuzi wawili.

Usiku ule sikulala. Kesho yake nikainunua, nikaipaka grisi, nikaiweka stoo. Haijafungwa. Bloku ya 4K iliyomo ndiyo iliyobebwa na wale watu wanne kwenye mbuga ya Magu, na pale ubavuni namba yake inalingana na kadi ya zamani niliyoikuta kwenye droo ya gereji. Siku ikifa kabisa, 5K ipo. Na 1NZ yako fundi, siku nitakapotaka Vitz nitanunua Vitz.

FUNDI WA MABATINI

Umenijibu kisomi nimekosa neno. Ila kabureta je? Hapo utalia.

MLETA UZI

Nililia. Kabureta ya Aisan niliipata Kariakoo, ikawashwa, ikanguruma, lakini moshi mweusi na plagi zinatoka na masizi kama chungu cha kuni. Nikabadilisha vya kuwashia moto wa plagi: pointi, kondensa, koili. Hakuna. Mzee mmoja wa mitumbwi, fundi wa injini za Yamaha pale Kirumba, akaja kunywa chai tu, akanusa, akaniuliza: "Hii imetoka pwani?"

Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, lakini tundu la petroli kwenye kabureta halijui hilo, linamwaga kiasi kile kile cha pwani. Petroli inazidi hewa, ndiyo masizi. Tukaweka jeti kuu (ndilo tundu lenyewe) ndogo zaidi, plagi zikaanza kutoka na rangi ya kahawia, kama maandazi yaliyoiva. Ndiyo maana pia nguvu za farasi 60 zile za kwenye makaratasi hapa Mwanza ni 50 na kitu. Sijali.

Ilitoka barabarani Agosti. Buhongwa, Usagara, nikakunja kulia kuelekea Kigongo. Nilitaka nipite juu ya daraja jipya la Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, kwa gari lililozoea kusubiri kivuko. Mlio wa 4K ikipanda gia unafanana na cherehani iliyokasirika. Madereva wa IST walikuwa wananipita wakipiga picha. Breki zinavuta kushoto kidogo, usukani una uzito wa mlango wa benki, na joto la injini linakuja miguuni mpaka viatu vinanuka. Nilirudi nikiwa nimechoka, na nilikwenda tena Jumamosi iliyofuata.

Mzee msoma ramani alikuja Jumapili iliyopita, mjukuu wake akamleta. Alilizunguka kimya, akapitisha kidole kwenye ile nne. Akaingia siti ya kushoto, ilimchukua muda, magoti. Alipokaa hakutafuta, mguu ulikwenda wenyewe. Honi niliyofunga ni ya lori. Mbuzi wa jirani walikata kamba, na mmoja mpaka sasa hivi hajapatikana, nadaiwa.

Alicheka mpaka akavua miwani yote miwili.

Kilichobaki: kioo cha pembeni cha nyuma upande wa kulia (kilichopo ni plastiki), raba ya mlango wa nyuma, na ile mita ya pili ya msoma ramani, hata ikiwa imekufa. Mwenye navyo, au mwenye KP inayooza mahali popote kuanzia Musoma mpaka Bukoba, aje inbox kabla ya watu wa mizani. Na mwenye kumwona beberu mweusi mwenye doa jeupe maeneo ya Buhongwa pia aje.